Grupu Ambalo Kila Mtu Alikuwa Admini

Juzi kijana mmoja wa lori ameniambia nitoke kwenye grupu. Nilikuwa nimemuuliza swali la kawaida tu: hiyo picha ya ajali uliyotutumia, umeiona kwa macho yako au umeletewa? Akanijibu mbele ya watu zaidi ya mia mbili, "Mzee, huu ni uhuru wa maoni. Kama hupendi, mlango uko wazi." Akaweka na kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Sitoki. Nimeendesha lori miaka thelathini na moja, Dar mpaka Tunduma, Tunduma mpaka Ndola na kurudi, na nimetukanwa kwa lugha ambazo huyo kijana hajui hata kama zipo. Lakini nimekasirika. Na kwa kuwa nimestaafu, sina tena tajiri mwenye lori wa kumwogopa, nitawaambieni nyie mnaoshika usukani sasa hivi jambo ambalo nilipaswa kulisema siku nyingi. Kama mnadhani nataka kuwafundisha kuandika "samahani" na "tafadhali", mmekosea. Adabu ya namna hiyo nilikuwa nayo tele, na mtaona ilimsaidia nani.

Grupu letu linaitwa Foleni Tunduma. Lilianzishwa na dereva mwenzetu, Kefa, kwa sababu moja tu: kujua mkia wa foleni umefika wapi kabla hujaingia nao. Umefika Chapwa? Umefika Mpemba? Kama umefika Mpemba, basi unapumzika Mlowo, unaoga, unafua shati, unakula ukiwa umekaa kama binadamu. Wasiojua foleni ya mpakani wanaona ni jambo dogo. Mimi nimewahi kukaa kwenye ile foleni siku nne, nikaisha maneno ya kuongea hata na usukani.

Kefa hakupenda ukubwa. Alikuwa anasema akiwepo admini mmoja, kesho atajiita mwenyekiti, keshokutwa atataka katibu. Kwa hiyo kila aliyemuingiza alimpa uadmini, na kila admini akawapa wengine. Kefa mwenyewe akaacha kazi ya lori akaenda kulima Momba, akatoka kwenye grupu, akatuacha. Tukabaki grupu la maadmini watupu. Unamtoa mtu kwa kutukana saa tatu, saa tatu na dakika moja rafiki yake amemrudisha, na wewe umetolewa. Ukirudishwa unamtoa tena. Kuna Jumamosi moja watu wawili walitoana na kurudishana mpaka simu za wengine zikaisha chaji.

Msifikiri nalichukia grupu. Nitawaambia kisa kimoja mjue kwa nini naling'ang'ania. Kulikuwa na yadi moja ya kuegesha malori ambayo haikuwa na choo. Namaanisha hakikuwepo. Malori mia, madereva mia, na kichaka kimoja. Tulilalamika kwa mdomo tukachoka. Siku moja dereva mmoja Mzambia, Mulenga, rafiki yangu wa miaka mingi, akapiga picha kile kichaka akaiweka kwenye grupu na maneno matatu: "Choo cha yadi." Mwenye yadi naye alikuwa mle. Akamtoa Mulenga. Ndani ya dakika tano Mulenga alirudishwa na watu saba, na picha ikarudishwa na watu ishirini. Mwenye yadi akabaki anatoa watu kama mtu anayefukuza nzi. Haikupita miezi miwili, choo kikajengwa. Kina mlango na bati. Kwa hiyo mtu akija kuniambia dawa ni kumpa mtu mmoja funguo za grupu, namuuliza: angekuwa mwenye yadi ndiye mwenye funguo, tungekuwa tunajisaidia wapi mpaka leo?

Basi kaeni hapo mnisikilize vizuri. Sitetei kufungwa midomo. Nimekasirikia kitu kingine.

Aliyenifundisha lori anaitwa Mzee Sikanyika, Mnamwanga wa hapa hapa Tunduma, sasa ni marehemu. Mtu mfupi, mkali, aliyekuwa akisoma sauti ya injini huku amefumba macho. Mwaka wangu wa kwanza tulipasukiwa na tairi kwenye mteremko wa Senjele. Mnajua kazi yake: unakata matawi, unayapanga barabarani nyuma ya gari, wa nyuma wajue kuna chombo kimeharibika mbele. Nikakata, nikapanga vizuri. Tukabadili tairi, tukaondoka. Tumefika Mlowo, tumeagiza chai, ndipo Mzee Sikanyika akaniuliza, "Matawi uliyatoa?"

Sikuyatoa. Nilidhani atanitukana. Akalipa chai ambayo hatukuinywa, akasimamisha lori la mtu lililokuwa linarudi Mbeya, tukapanda wote wawili. Tulikuta basi dogo limejiegesha mtaroni. Dereva aliona matawi, akakwepa gari ambalo halikuwepo. Hakufa mtu, ila mama mmoja alikuwa amevunjika mkono, amekaa kwenye nyasi anaushika. Mzee Sikanyika akaniambia niokote. Niliokota tawi kwa tawi, jani kwa jani, abiria wakinitazama, mpaka lami ikawa safi.

"Usiweke matawi kama huna gari bovu," alisema. "Na ukiondoka, uyatoe wewe uliyeyaweka. Siyo mvua."

Mambo ya tahadhari niliyajulia pale, kabla simu hazijaja. Ndiyo maana nawapigia kelele nikiona mtu ameandika "foleni ipo." Ipo wapi? Saa ngapi? Wewe uko wapi? Ujumbe wa dereva unaandikwa hivi: saa nne asubuhi, niko Chapwa, mbele yangu kuna tela mbili za mbolea, hatujasogea tangu saa mbili. Hapo mtu anaweza kukata shauri. Na mkia ukishasogea, rudi ukaseme umesogea. Ninyi mnatupa neno halafu mnaenda kulala.

Lakini Mzee Sikanyika alinipa na kanuni ya pili, na hii mlipewa ninyi pia na waliowafundisha. Dereva hamchomei utambi dereva mwenzake kwa tajiri. Ukimkuta mwenzako anapiga dili, umegeuza shingo. Ukiulizwa na tajiri wake, hukuwa njia hiyo. Niliishika hiyo kanuni kuliko nilivyoshika ya matawi. Nilikuwa najivunia.

Sasa niwaambie habari ya Mama Atupele.

Alikuwa Mndali wa Ibaba, milimani Ileje, mjane. Alikuwa na kibanda cha chakula karibu na yadi ile ile ya choo. Ugali, maharage yaliyoungwa kwa karanga, nyama siku za soko, na parachichi alizokuwa anakukatia bure kama umemsalimia vizuri. Kibanda hicho ndicho kilichokuwa kinamsomesha mwanawe Atupele. Sisi tuliomjua tulikuwa tunakula kwake kabla ya kwenda hata kuuliza karatasi za mzigo. Hakuwa na maneno mengi. Ukichelewa siku mbili njiani, alikuwa anauliza wenzako.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mchana mmoja, nilisimama Mlowo kukaza kamba za turubai. Nyuma ya ghala la mahindi nikaliona lori la Lameki. Lameki ni dereva niliyemzidi miaka ishirini, mcheshi, mwenye marafiki wengi. Mpira ulikuwa umezama kwenye tenki lake, madumu yamepangwa chini, dizeli inashuka. Akaniona. Akanyanyua mkono. Na mimi nikanyanyua mkono, nikageuza shingo kama nilivyofundishwa.

Jioni ile, jua lingalipo, tulikula kwa Mama Atupele, mimi na yeye, meza moja, sufuria moja. Nikaenda kulala, nikaamka mzima. Yeye pia aliamka mzima, nilimwona anapiga mswaki.

Kumbe tajiri wake alikuwa amempigia asubuhi hiyo kuuliza mafuta yamekwendaje. Tajiri mwenyewe alikuwa mle mle kwenye grupu. Saa tatu Lameki akaweka picha ya Mama Atupele, ameshika upawa, anatabasamu, picha aliyopigwa siku nyingine bila kujua. Chini yake akaandika: "Huyu mama anawalewesha madereva kwa chakula. Jana nimekula kwake nikalala kama mfu, nimeamka tenki limenyonywa. Sambaza uokoe mwenzako."

Mimi nilikuwa nimeshavuka, niko Nakonde, upande wa Zambia, kwenye foleni ya kule, simu mkononi. Nikasoma. Nikajua pale pale kwamba ni uongo, na nikajua kwa nini amesema. Neno moja tu lingetosha: Mlowo. Ningeandika Mlowo, Lameki angenyamaza. Lakini tajiri wake alikuwa anasoma, na mimi ni dereva, na dereva hafanyi hivyo.

Wenzangu, acheni niseme wazi nilivyo na hasira na asubuhi ile. Ndani ya saa moja kila mtu alikuwa na ushahidi. Mmoja aliwahi kuumwa tumbo mwaka juzi, akakumbuka alikula pale. Mwingine aliwahi kusinzia barabarani, mtu ambaye alikuwa hajalala siku tatu, akasema sasa ameelewa. Wakamwita mchawi. Wakamwita majina ya uchi wa mtu. Wakasema Wandali wote wako hivyo, na mle ndani kulikuwa na Wandali wanasoma. Mtu mmoja mwenye kazi ya heshima, anayeimba kwaya, akaikata ile picha akaibandika kando ya fuvu. Na kila aliyesema "jamani, tuna hakika?" aliambiwa analipwa na huyo mama. Baada ya watu wawili kuambiwa hivyo, wa tatu hakutokea.

Huo ndio mnauita uhuru. Watu mia mbili walikuwa huru kusema chochote na aliyeweza kusema kweli alikuwa mmoja. Kwa nini hakuisema? Hakuna admini aliyemfunga mdomo. Hakuna askari aliyemkamata. Aliogopa kuonekana mbaya kwa wenzake.

Saa nane mchana walikwenda. Sikuwepo, nilihadithiwa na Mulenga aliyekuwa anasubiri kuvuka. Walikuwa kama kumi na tano. Walimwaga masufuria, wakaipiga miti ya kibanda mateke mpaka kikalala. Mulenga alijaribu kusimama katikati akasukumwa akaangukia jiko, mkono wake una kovu mpaka leo. Mama Atupele alibebwa na bodaboda akiwa na kiatu kimoja. Akarudi kwao Ibaba. Atupele hakumaliza kidato cha nne. Pale palipokuwa na kibanda leo wanaosha pikipiki.

Nilikaa na hiyo kweli wiki tatu. Nikifika Mlowo nilikuwa napita bila kusimama. Hatimaye, nikiwa nimeshamwambia tajiri wangu kwamba hii ndiyo safari ya mwisho, nikaandika. Niliandika kama ninavyowaambia muandike: siku ile, saa saba mchana, Mlowo, nyuma ya ghala la mahindi, lori la Lameki, mpira, madumu, nimeona mimi Nzunda kwa macho yangu. Tulikula sufuria moja, sikulewa.

Mnajua nilijibiwaje? "Mzee kaonja ndumba." "Mzee kapewa mzigo." Mmoja akaweka wimbo. Mwingine akauliza kama kuna mwenye spea ya pampu ya breki. Lameki akanitoa, Mulenga akanirudisha, Lameki akanitoa tena. Mulenga akanirudisha tena, halafu akanipigia simu, akasema kwa Kiswahili chake cha Nakonde, "Mudala, mzee wangu, umechelewa bwana. Hii habari walishakula, walishashiba, wameosha vyombo." Nilimkasirikia Mulenga. Nilimkasirikia kila mtu isipokuwa aliyestahili.

Ndipo nikafunga safari kwenda Ibaba. Nilijiambia nakwenda kumuomba msamaha kwa niaba ya madereva. Oneni hilo neno, kwa niaba. Bodaboda ilinipandisha milima asubuhi kukiwa na ukungu, kijana ananiambia kila kona nishike vizuri, mimi niliyeshusha tani thelathini Senjele.

Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba anachimba viazi. Mama yake mzazi, bibi kizee mwembamba, amekaa kwenye gunia anapukuchua maharage. Mama Atupele alinitazama kidogo, akapangusa mikono.

"Shikamoo baba. Karibu. Umekuja mbali."

Akaleta kigoda. Akaniuliza foleni ikoje. Foleni nikaiacha. Nikamweleza yote, Lameki, Mlowo, madumu, na kwamba nimeshaandika kwenye grupu. Alisikiliza akiwa amesimama na jembe.

"Mimi sina simu hiyo ya picha," akasema. "Watu hapa wananiambia nusu nusu. Huyu anasema waliandika hivi, yule anasema hapana, waliandika vile. Kanisani wananiangalia. Wewe unayo?"

"Ninayo."

"Hayo maneno yapo bado?"

"Yapo."

"Nisomee."

Nilimwambia hayafai. Nikamwambia kuna maneno mle siwezi kuyatamka mbele ya mzazi wake. Akakaa chini kwenye majani ya viazi, jembe mapajani.

"Baba, wao waliyaandika mkiwa mia mbili mnasoma. Mimi mwenye jina sijasikia. Mama naye asikie. Soma yote, usiruke."

Nikavaa miwani. Nikarudisha kidole nyuma mpaka siku ile, nikaanza kusoma. Vijana wangu, nimevusha mizigo ya kila aina, sijawahi kubeba kitu kizito kama yale maneno kutoka kwenye kioo mpaka mdomoni. Yalikuwa mepesi tulipoyasoma kimya kimya. Nilipoyatamka mbele ya mama aliyetukanwa, na bibi aliyemzaa anapukuchua maharage, yaligeuka mawe. Nilitamka uchi wa mtu kwa sauti yangu. Nilitamka mchawi. Nilitamka yale ya Wandali. Mama Atupele alikuwa anamtafsiria mama yake kwa Kindali, neno kwa neno, bila kupunguza, na bibi alikuwa anaitikia kwa koo tu. Kila jina nililotaja aliuliza, "Huyo ni nani?" Nami nikamwambia: huyo ni wa lori la buluu, ulikuwa unamwekea supu. Huyo ni yule wa kwaya.

"Alikula kwangu Pasaka," akasema.

Kisha nikauona kwenye kioo ujumbe unaofuata. Nilikuwa nimeusahau, au nilikuwa nimejilazimisha kuusahau. Kidole kikataka kupita juu yake haraka. Bibi aliacha kupukuchua.

"Usiruke," akasema Mama Atupele.

Nikasoma. "Pole sana dereva mwenzetu. Tumshukuru Mungu umeamka salama. Tuwe makini na vyakula vya njiani. Safari njema."

Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu nianze.

"Huyu hajatukana," akasema. "Huyu ana adabu. Ni nani?"

Nilisema ni mimi. Nilimwambia kwetu sisi madereva mwenzako akipata mkosi lazima umpe pole, hata kama unajua anadanganya, ndiyo desturi. Nilimwambia niliandika tu, kwa heshima, sikulitaja jina lake. Alimtafsiria mama yake taratibu, halafu akanigeukia.

"Na baada yako ameandika nani?"

Nikasoma, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisiruke. "Kama hata Mzee Nzunda kasema, basi ni kweli. Saa nane tukutane pale kibandani."

Bibi akauliza kitu kwa Kindali. Sikuijua lugha ile, ila nilisikia jina langu katikati yake. Mama Atupele akanyoosha mkono wenye udongo wa viazi, akamwonyesha nilipokaa.